Shilingi 700 kwa mechi ya bure

Jumapili tarehe 13 Julai 2025, saa 3:40 usiku, shemeji yangu alinipigia simu akinong'ona. Alikuwa amejifungia chooni. Sebuleni kwake, ghorofa ya tano huko Pipeline, Nairobi, walikuwa wameketi wanaume watano waliomchangia shilingi mia mia awaonyeshe fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, Chelsea na PSG. Kwa dakika 40 alikuwa amewaonyesha kiduara kinachozunguka, pamoja na mechi moja iliyochezwa na kompyuta.

"Shem, niokoe. Hii linki imenikula mia saba na bado inaitisha."

Nina saiba ndogo Donholm. Kazi yangu ni kuchapisha barua, kujaza fomu za eCitizen, na kila Juni kupambana na foleni ya watu wanaokumbuka ritani za kodi za KRA siku ya mwisho. Lakini tangu simu zianze kuonyesha mpira nimegeuka pia daktari wa linki. Wengi huja kesho yake, pesa zimeshaenda na historia ya simu imeshafutwa kwa hasira. Huyu alipiga simu mechi ikiwa haijaanza, jumbe zote zikiwa bado kwenye simu, kila moja na dakika yake. Ndiyo maana nimechagua kisa chake. Kinaweza kufuatwa nyuma hatua kwa hatua, jinsi yeye mwenyewe anavyofuata mlio wa gia mpaka kwenye jino lililovunjika. Ni fundi wa gearbox kule Grogan.

Nilimuuliza swali ambalo hakulitarajia. "Nani alikwambia mechi imeanza?"

Kimya. Halafu: "Si ni saa tatu?"

Haikuwa saa tatu. Ilikuwa saa nne. Nikamwambia arudi sebuleni, awachemshie watu chai, asilipe shilingi nyingine, na asibonyeze neno "Ruhusu" popote atakapoliona. Nikachukua laptopu ya saiba na waya wa HDMI wa kuiunganisha na runinga, nikapanda boda.

Njiani, Outer Ring ikiwa na baridi ile ya Julai inayopenya mpaka kwenye meno, nilikuwa nikijiuliza kosa lilianzia wapi. Nikidhani ni linki. Nilipofika na kusoma simu yake tangu juu, nikakuta linki ni mtoto tu. Mzazi wake ni saa.

Mchana wa siku hiyo, mtu wa kundi lao la WhatsApp la gereji alituma picha ya tangazo la mechi. Imeandikwa saa za New Jersey, kwa kuwa ndiko fainali ilikochezwa, uwanja wa MetLife: saa 3 PM. Msambazaji hakuandika ni 3 ya wapi. Alichoongeza chini ya picha ni "Wazito, game ni 3". Wale waliosoma wakangoja saa tisa alasiri. Saa tisa ikapita, runinga kimya. Basi wakakubaliana, bila hata kuulizana, kwamba hiyo 3 ni saa tatu yetu ya usiku. Mtu anayetumia saa mbili kichwani, ya Kiingereza kazini na ya Kiswahili nyumbani, hufanya hesabu hiyo bila kujua anaifanya. Sisi sote hufanya. Ukiambiwa "kesho saa mbili" na mteja, unauliza: asubuhi au ya mzungu?

Hesabu yenyewe si ngumu. New Jersey wakati wa kiangazi chao wako nyuma ya Nairobi kwa saa 7, kwa hiyo saa tisa alasiri kwao ni saa nne usiku kwetu. Novemba wanarudisha saa nyuma, pengo linakuwa 8. Sisi huku hatugusi saa mwaka mzima, na hapo ndipo watu hukosea hata ligi wanayoitazama kila wiki: London huwa nyuma yetu kwa saa 2 kuanzia mwisho wa Machi, na 3 kuanzia mwisho wa Oktoba.

Shemeji angeweza kuijua saa nne kama angetazama nusu fainali, kwa sababu zote mbili zilianza saa hiyo hiyo. Lakini wiki ile ilianza na maandamano ya Saba Saba, barabara za kuingia mjini zikafungwa Jumatatu, na Jumanne na Jumatano alikuwa chini ya lori la mtu akifidia siku iliyopotea. Alisikia tu kwamba João Pedro wa Chelsea aliwafunga Fluminense mabao 2 na kwamba PSG waliwachapa Real Madrid 4-0.

Sasa tazama kosa la saa moja lilivyozaa mengine.

Mpwa wangu, kijana wa kidato cha tatu, alikuwa amemwambia baba yake tangu asubuhi kwamba mashindano haya yanaonyeshwa bure kwenye DAZN, huduma ya kutazama michezo mtandaoni, dunia nzima, unachotoa ni barua pepe tu. Na ilikuwa kweli. FIFA iliwauzia DAZN haki za dunia nzima za mashindano yale ya timu 32, kwa bei iliyoripotiwa kuwa karibu dola bilioni 1, na mechi zote 63 zikawekwa wazi bila malipo kwa yeyote mwenye akaunti. Saa 3:02 usiku shemeji akafungua ukurasa huo kwenye simu. Akaona majina ya timu, akaona tarehe, hakuona mpira. Akatoa hukumu mbele ya wageni: "Wametufungia Kenya. Niliwaambia, hakuna mpira wa bure."

Hukumu hiyo haikutoka hewani. Amefungiwa mara nyingi. Amewahi kubonyeza mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza kwenye tovuti ya huko kwao na kuambiwa haipatikani eneo lako. Haki za ligi ile huuzwa kwa vipande vya ramani. Kipande chetu, Afrika kusini mwa Sahara, kiko mikononi mwa SuperSport, na mtangazaji wa Uingereza amelipia Uingereza peke yake. Tovuti yake husoma anwani ya IP, namba inayoitambulisha simu yako mtandaoni, ikagundua uko Nairobi, ikafunga mlango. Mtu akifungiwa mlango mara kumi, mara ya kumi na moja hata hajaribu kitasa. Ila safari hii mlango ulikuwa wazi, alifika tu kabla duka halijafunguliwa.

Jirani mmoja, shabiki wa Arsenal aliyekuja kwa nia moja tu ya kuona Chelsea ikipigwa, akapendekeza VPN. Nataka nikae hapo kidogo kwa sababu siku hizi VPN imekuwa kama mwarobaini, kila ugonjwa inapewa. VPN hufanya trafiki yako ionekane inatoka nchi nyingine. Inasaidia pale tu ambapo kikwazo ni nchi, na hata hapo unavunja masharti uliyokubali ulipofungua akaunti, na akaunti inaweza kufungwa. Haileti mechi ambayo haijaanza. Haiongezi kasi, inapunguza, hasa zile za bure ambazo maelfu ya watu wamerundikana kwenye seva moja. Walipakua moja, wakajiunga kupitia Uholanzi, na ukurasa uleule usio na mpira ukafunguka polepole zaidi.

Kisha saa 3:11 wakatafuta YouTube: "Chelsea vs PSG live". Wakapata. Uwanja umejaa, jezi ya buluu, jezi ya PSG, PSG wanaongoza 2-1, dakika ya 38. Shangwe sebuleni, na kilio pia, kwa sababu walikuwa "wamekosa" mabao matatu.

Ilikuwa mchezo wa kompyuta. Kuna chaneli zinazoishi kwa kazi hiyo: siku ya mechi kubwa zinachezesha timu zilezile kwenye gemu, zinapaka picha ukungu kidogo ili ifanane na matangazo duni, na kuandika "live" kwenye kichwa. Hawadanganyi hata, ukisoma maelezo chini kabisa utakuta wamesema ni gemu. Waliitazama kwa dakika 8. Aliyegundua ni yule wa Arsenal, na sifa zake nampa: "Huyu refa hana macho. Na mashabiki wote wanainuka pamoja kama kwaya." Wakacheka sana. Lakini hakuna aliyejiuliza kwa nini, ikiwa mechi ya kweli imeanza saa tatu, YouTube nzima hakuna hata mmoja anayezungumzia bao. Gemu lile, pamoja na kufichuliwa, liliacha mbegu yake: kila mtu pale sasa aliamini mpira unaendelea mahali fulani na wao wanachelewa.

Ndani ya hofu hiyo ndimo muuzaji wa linki anamofanyia kazi. Saa 3:21 shemeji aliingia kwenye chaneli moja ya Telegram aliyowahi kutumiwa na abiria wa gari fulani alilotengeneza. Ujumbe wa juu kabisa ulisema linki ya VIP, picha safi, haikwami, shilingi 500, "nafasi zimebaki 7". Nilipousoma ujumbe huo saa nne kasoro bado zilikuwa zimebaki 7. Alituma. Jina lililotokea kwenye M-Pesa lilikuwa la mwanamke, ilhali mwenye chaneli alijiita kampuni. Mia tano ilitoka 3:24. Saa 3:27 akaambiwa linki iko tayari ila simu yake haijasajiliwa, atume 200 za kuiwasha. Akatuma. Nikamuuliza baadaye, wewe fundi, mteja akikwambia gari lina shida ya breki halafu ukalipwa, utamwitisha tena pesa za kufungua boneti? Akasema, "Shem, watu walikuwa wananiangalia."

Jibu hilo nimelisikia saiba mara nyingi kwa maneno mengine. Anayenunua linki peke yake kitandani husita. Aliyealika watu hasiti.

Linki yenyewe nikaifungua kwenye laptopu yangu, si kwa ajili ya mpira. Ukurasa mweusi, katikati alama ya kucheza. Ukiibonyeza mara ya kwanza linafunguka dirisha la kamari. Mara ya pili, kisanduku kinachosema ili kuthibitisha wewe si roboti bonyeza "Ruhusu". Hicho si kipimo cha roboti. Ni kivinjari kinachokuuliza kama tovuti hii iruhusiwe kukutumia arifa wakati wowote, na shemeji alikuwa ameshakubali. Wiki nzima iliyofuata simu yake ilikuwa ikilia usiku kwamba ina virusi 13, mpaka tulipoingia kwenye mipangilio ya Chrome na kuifuta tovuti ile kwenye orodha ya zinazoruhusiwa kutuma arifa. Mara ya tatu ukibonyeza, unaambiwa upakue kichezeshi chao, faili ya APK, yaani programu ya Android isiyotoka Play Store. Simu ilimwonya. Akapita onyo. Kichezeshi kikafunguka na kuomba ruhusa mbili: kusoma faili, na kusoma jumbe fupi.

Hapo ndipo aliponipigia, na namshukuru Mungu ndipo aliposita. Programu ya kutazama mpira inataka jumbe zako za nini? Namba ya siri ya M-Pesa haiji kwa ujumbe, lakini msimbo wa benki wa kuthibitisha muamala huja, na wa kurudisha akaunti ya barua pepe huja, na salio lako lote limeandikwa kwenye kila ujumbe wa M-Pesa kama bango. Tuliifuta programu kabla haijapewa ruhusa ya jumbe. Kwa tahadhari akabadilisha pasiwadi ya barua pepe usiku uleule, kwenye laptopu yangu, si kwenye simu ile.

Nilifika 3:52. Nikawaambia mpira unaanza saa nne. Jirani wa Arsenal akanitazama kama mhubiri wa uongo, kwa hiyo nikafungua ukurasa rasmi wa ratiba, ule unaobadilisha saa kufuata kifaa chako: 22:00. Sebule ikatulia kwa namna ambayo chai haikuweza kuituliza. Akaunti tukaifungua kwa barua pepe ya mpwa wangu, dakika tatu, shilingi sifuri. Kijana hakusema neno. Alimtazama tu baba yake, akaenda kulala. Mechi yenyewe ilichelewa dakika chache kuanza, ikatupa nafasi ya kuchomeka waya.

Ningependa kusema mambo yaliisha hapo. Yalianza upya, kwa sababu sasa tulikuwa na mpira halali na hatukuwa na njia ya kuuleta ndani.

Waifai ya ploti zile mnaijua. Mtu mmoja analeta laini ya faiba chini, anavuta nyaya nje ya ukuta mpaka ghorofa ya nane, kila nyumba inalipa elfu moja kwa mwezi. Saa nane mchana inakimbia. Saa nne usiku wa fainali kila nyumba imewasha kitu. Nilipima kasi: megabiti 1.1 kwa sekunde, na ilikuwa ikiyumba. Picha ilikuja kama vigae. Palmer wa Chelsea alikuwa miraba mitatu ya buluu.

Hesabu ambayo huwaandikia wateja nyuma ya risiti ni hii. Picha nzuri ya runinga, ile ya mistari 720, inataka takribani megabiti 3 kila sekunde, bila kukatika. Gawa kwa 8 upate megabaiti, zidisha kwa sekunde 3,600: ni kama GB 1.35 kwa saa. Mechi na mapumziko yake, karibu GB 3. Ukishuka kwenye 480 unatumia chini ya nusu ya hiyo, na kwenye runinga ya inchi 32 ukiwa umekaa hatua nne nyuma, jezi unaziona, namba unaziona, mpira unauona. Watu wanataka neno HD kuliko wanavyotaka picha. Anayekwama kila dakika kwa HD angetazama mechi nzima kwa 480, lakini ukimwambia hivyo anaona unamdharau.

Tukaacha waifai, tukanunua bando kwenye simu yangu, nikawasha hotispoti. Katikati ya sebule nikapata megabiti 2. Dirishani, 7. Ghorofa zile zimebanana hivi kwamba mtandao huingia kama jua, kwa ufa. Basi simu ikakaa dirishani.

Na dirisha lile liko juu ya baa.

Baa ina dishi la setilaiti. Dakika ya 22, sisi tukiwa tunamtazama kipa akipiga mpira mbele, chini kukalipuka. Vifijo, meza kugongwa, firimbi. Sebuleni tukatazamana. Kama nusu dakika baadaye Malo Gusto wa Chelsea akamtoroka beki wa kushoto wa PSG, na Palmer akaupeleka mpira pembeni, na sisi tukashangilia bao ambalo tayari lilikuwa limeshazeeka. Dakika ya 30 ikawa hivyo tena. Yule wa Arsenal akaanza kuinuka kila baa inapopiga kelele, akisema, "Tayari. Imeingia. Msijisumbue kutazama."

Sababu yake si laini mbovu, na hakuna bando linaloiondoa kabisa. Video ya mtandaoni haimwagiki kama maji ya mfereji; inakatwa vipande vya sekunde chache, mara nyingi kama 6, na kichezeshi chako hukusanya vipande kadhaa kwanza kabla hakijakuonyesha cha mwanzo, ili mtandao ukiyumba kiwe na akiba ya kula. Ongeza muda wa kuiandaa video na kuisambaza duniani. Ukijumlisha, uko nyuma ya dishi kwa sekunde 20, 30, hata 40. Ukipunguza akiba, unakwama. Kwa hiyo tulikuwa na mgogoro wa kweli wa kiufundi: simu inataka dirisha kwa ajili ya mtandao, masikio yanataka dirisha lifungwe kwa ajili ya siri. Dada yangu, aliyekuwa akitupuuza jikoni tangu jioni, alikuja, akaitoa simu nje ya kioo, akaiweka juu ya kizingiti ndani ya bakuli la plastiki isianguke, akafunga dirisha, akavuta pazia, akarudi jikoni. Megabiti 6. Kelele kidogo. Bao la João Pedro la dakika ya 43 tulilipata karibu bikira.

Mapumziko nayo yalitaka kutuua. Dakika 15 zikapita, 20, mpira haurudi, kuna watu wanaimba. Wageni wakaanza tena: imekwama, wametukata, lipa ile nyingine. Hapana. Fainali ile ilikuwa na tamasha la mapumziko, Tems wa Nigeria akiwa miongoni mwa walioimba, na mapumziko yakarefushwa. Nilimwona shemeji mkono ukienda mfukoni kwenye simu, nikaushika.

Ikaisha 3-0. João Neves wa PSG akatolewa kwa kumvuta nywele Cucurella wa Chelsea, jambo ambalo mtu wa Arsenal alilitetea kwa hoja ambazo siwezi kuziandika hapa. Bando lililotumika lilikuwa GB 1 na robo hivi.

Pesa je? Kesho yake asubuhi shemeji alipeleka ujumbe wa muamala kwenye 456, njia ya kuomba M-Pesa irudishe. Njia hiyo imetengenezwa kwa aliyekosea namba, na inafanikiwa pesa ikiwa bado iko kwenye laini ya aliyepokea. Hii ilikuwa imetolewa dakika zilezile. Nilimwambia kuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2018 na kwamba anaweza kuandikisha OB kituo cha polisi. Akapiga hesabu ya nusu siku ya kazi Grogan dhidi ya 700, akaacha. Simlaumu, ingawa muuzaji naye ameshaipiga hesabu hiyohiyo, na bei yake ameiweka chini yake makusudi.

Watu huniuliza kama linki za wizi ni kosa kwa mtazamaji au kwa mwenye tovuti. Sheria ya Hakimiliki, kwa marekebisho ya mwaka 2019, imewapa wenye haki njia ya kumtaka mtoa huduma za intaneti afunge maudhui yaliyoibwa, ndani ya saa 48 za kazi tangu apewe notisi. Ndiyo maana linki ya Jumamosi haifiki Jumamosi nyingine, na ndiyo maana muuzaji hukuuzia mechi moja moja, hakuuzii msimu. Lakini katika kisa hiki hata mjadala huo haukuwa na kazi. Hakuna aliyeiba mechi. Muuzaji hakuwa nayo, wala hakuhitaji kuwa nayo. Ilikuwa ya bure, na kitu pekee alichomuuzia shemeji ni dakika 38 za kutojua saa.

Siku hizi akija mtu saiba na kuniambia "nitafutie linki", namuuliza mambo mawili kabla sijagusa kibodi: mashindano ni ya nani, na saa iliyoandikwa ni ya wapi. La kwanza lina jibu karibu kila mara. FIFA huchapisha orodha ya watangazaji kwa kila nchi kabla ya mashindano yake, na World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, hufanya hivyo kwa mbio zake. Orodha hizo zinachosha, herufi ndogo, nchi mia na kitu, lakini Kenya imo kwenye K kama ilivyokuwa shuleni. La pili ndilo linaloniumiza kichwa, kwa sababu mtu huona aibu kuulizwa saa.

Septemba shemeji alinipigia tena. Sauti ya kawaida, si ya chooni. Mashindano ya Dunia ya Riadha yalikuwa yanaanza Tokyo, na safari hii orodha ya wenye haki alikuwa ameifungua mwenyewe. Alichotaka ni marathoni ya wanawake, Jumapili tarehe 14.

"Shem, wameandika 7:30 asubuhi ya Tokyo. Hiyo kwetu si ni saa saba na nusu?"

Nikaanza kucheka. Nikamwambia, wewe mtu hujifunzi, ni kosa lilelile la 3 PM. Nikachukua kalamu nimwonyeshe. Tokyo wako mbele yetu kwa saa 6. 7:30 toa 6, ni 1:30 usiku. Na 1:30 usiku kwa Kiswahili ni...

Nikaiweka kalamu chini. Pengo la Tokyo na Nairobi ni saa 6, na pengo la saa ya Kiswahili na ya Kiingereza ni 6. Namba inayosomeka kwenye ukuta wa Tokyo ndiyo namba tunayoitamka sisi.

"Saa saba na nusu," nikasema. "Ya usiku wa kuamkia Jumapili."

"Si ndivyo nimesema?"

Ujumbe wake uliniamsha usiku huo, simu inaonyesha 3:56, ya Kiingereza. Peres Jepchirchir na Tigst Assefa walikuwa wameingia uwanjani pamoja, wakamaliza kwa mbio za kufa na kupona, 2:24:43 kwa 2:24:45. Alikuwa ameandika maneno matatu tu, kwa herufi kubwa: SHEM SEKUNDE MBILI.